Kompyuta Mjamzito na Firigisi ya Injinia

Nina kinyongo kimoja ambacho nimekitunza vizuri kuliko vyeti vyangu. Vyeti viko kwenye bahasha juu ya kabati, na unyevu wa Nyololo umeshavila pembe zote nne. Kinyongo kilikaa kikavu kabisa. Kila asubuhi nilikitoa, nikakifuta vumbi, nikakirudisha kifuani, kisha ndipo nikanywa chai. Nilifanya hivyo mwaka mzima bila kukosa hata Jumapili, na Jumapili ndiyo kilikuwa kinang'aa zaidi, maana kanisani nilipata muda mrefu wa kukaa kimya.

Mwenye kinyongo hicho ni mimi, mzaliwa wa Mbeya, mhitimu wa masomo ya jioni. Mchana nilikuwa nashusha ndizi kwenye malori yanayotoka Tukuyu, mikungu mizito kiasi kwamba ukiuweka mmoja chini, Mlima Loleza unatikisika kidogo. Jioni nilioga, nikavaa shati, nikaenda kusoma. Kwanza nikamaliza kidato cha nne, halafu nikasoma kompyuta. Tulikuwa wanafunzi kumi na tisa kwa kompyuta nne, na mwalimu wetu alikuwa mtu wa kufungua mashine na kutuonyesha matumbo yake. Cheti nilikipata. Nikakaa nacho mpaka mama mmoja mwenye karakana ya sweta za shule aliponichukua Nyololo.

Karakana ya Mama iko nyuma ya barabara kuu, pale malori yanapopumzika kabla ya kuendelea. Kule Mufindi baridi haina mchezo. Nimeona kwa macho yangu chai ikipoa kati ya birika na kikombe. Kwa hiyo mtoto wa shule bila sweta ni mtoto mgonjwa, na sweta bila nembo ya shule mwalimu anaikataa getini. Nembo ndizo zilikuwa kazi yangu. Tulikuwa na mashine moja ya kudarizi, ya zamani, na programu yake ya kuchorea nembo ilikuwa ya zamani zaidi. Programu hiyo haikukubali kompyuta mpya hata kwa maombi ya kufunga. Kwa hiyo ndani ya kompyuta yetu ya mezani kulikuwa na kompyuta nyingine, isiyo na umbo. Unabonyeza, dirisha linafunguka, na ndani ya dirisha kompyuta ya miaka ile inaamka na picha zake za miaka ile, ikidhani bado ni enzi zake. Programu ya nembo iliishi humo. Wataalamu wana jina lao la Kiingereza la kitu hicho. Akina dada wawili wa mashine za kufuma waliiangalia siku moja, wakaangaliana, wakaiita kompyuta yetu Mjamzito. Jina likabaki.

Aliyempa mimba, kama utaniruhusu kusema hivyo, alikuwa Injinia.

Injinia alitoka Iringa mjini. Ana shahada, ana begi la ngozi, ana kamba shingoni yenye kitambulisho ambacho hakuna mtu aliyewahi kukisoma. Akija Nyololo, Mama anachinja kuku. Sio kuku wa kawaida. Yule kuku wa Injinia alikuwa na mapaja kama ya mchezaji wa mpira. Na unajua firigisi ilikwenda kwa nani. Firigisi haigawanywi. Ni ya mwanamume anayeheshimiwa kuliko wote mezani, na wanawake hawaili. Kabla Injinia hajaanza kuja, tukila kuku karakana, mwanamume nilikuwa peke yangu, na firigisi ilikuwa yangu bila uchaguzi.

Sasa nisikilize dhambi yenyewe.

Ilikuwa mwanzo wa mvua, mwishoni mwa mwaka juzi. Radi za Mufindi zinajua namba za nyumba. Ikianza kunguruma tu, Mama anapiga kelele moja, "Chomoeni!" na hapo karakana nzima inakimbia. Dada mmoja anafunika kioo kwa kanga, mwingine anaficha nyuzi nyekundu kwenye ndoo, na mimi naingia chini ya meza kuchomoa. Umeme ukikatika wenyewe hatukuwa na shida, kwa sababu chini ya meza kulikuwa na sanduku la kuhifadhi umeme na kompyuta iliendelea kujishikiza hapo. Lakini kwa radi Mama hakutaka mchezo. Kila waya ulitakiwa kuachana na kila waya mwingine, na hakuna kurudishana mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo nikarudisha waya, nikawasha, Mjamzito akawaka vizuri, lakini nilipobonyeza kuamsha mtoto wa tumboni, hakuamka. Kikaja kisanduku cha maneno ya Kiingereza. Nikakisoma mara tano. Kiingereza changu ni cha jioni, lakini nilielewa kwamba kuna kitu ndani ya mashine kimezimwa.

Mama akampigia Injinia. Injinia akaja, kuku akafa.

"Nani anaigusa hii?" akauliza, akitua begi.

"Kijana wangu huyu," Mama akajibu.

"Kasoma wapi?"

"Mbeya. Masomo ya jioni."

"Ahaa!" Injinia akacheka, akawageukia akina dada kama anayetaka mashahidi. "Jioni macho yanakuwa yamechoka, mdogo wangu. Umeona nini hapa?"

Nikamwambia kwa heshima zote, "Kaka, inasema kuna kitu kimezimwa."

"Kimezimwa?" Akainama, akaigusa ile taa ndogo ya kijani mbele ya kompyuta. "Hii ni nini? Taa hii. Inawaka au haiwaki?"

"Inawaka."

"Sasa kilichozimwa ni kompyuta au ni wewe?"

Akina dada walicheka mpaka sindano zikapotea. Mama naye alicheka. Ninakumbuka meno ya kila mmoja. Halafu Injinia akatutoa wote nje, akisema mashine ikifunguliwa haitaki pumzi za watu, akafunga mlango. Tukasimama uani kwenye ukungu kama ng'ombe walionyimwa zizi. Baada ya dakika ishirini akafungua, na mtoto alikuwa ameamka.

"Nimeifumua yote, nimeifuma upya," akasema akijifuta jasho, kwenye baridi ile! "Ila Mama, huyu bwana asiiguse. Ameingiza virusi."

Chakula kikaja. Injinia akaichukua firigisi kwa vidole viwili, akainyanyua kidogo kunielekea, kama mtu anayemtakia mwenzake afya, akaitia mdomoni.

Kesho yake Mama akampa dada mmoja kiti changu, akanipa mimi kigoda kando ya dirisha na bakuli la vifungo. Vifungo! Kwa mwaka mmoja nimeshona vifungo ambavyo ukivipanga vinatoka Nyololo, vinapita Igowole, vinarudi tena kuniuliza kama nimechoka. Na kwa kila kifungo nilimchoma Injinia sindano moja. Nilipanga kumwekea pilipili kwenye kamba yake ya shingoni. Nilipanga kumwandikia barua ya mapenzi na kuituma kwa mkewe. Nilipanga kusoma mpaka niwe profesa, nimwite ofisini, nimwache kwenye benchi siku tatu. Usiku mwingine nilimfanya ashushe ndizi.

Lakini aliyenipa silaha ni Injinia mwenyewe, bila kujua.

Kila nembo inapochorwa, programu inatoa karatasi ya kuonyesha rangi za nyuzi na mpangilio wake. Karatasi hizo dada alikuwa ananiletea, kwa sababu kupanga nyuzi nako kulihamishiwa kigodani. Siku moja nikaona karatasi iliyochapwa asubuhi hiyo hiyo imeandikwa juu kabisa tarehe mosi Januari, mwaka 2012. Nikacheka. Nikadhani Mjamzito anaweweseka. Lakini nilipochimba kwenye boksi la karatasi za zamani nikakuta nyingine ya tarehe mosi Januari 2012, na nyingine tena. Nikazilinganisha na daftari la oda: zote zilichapwa siku ambayo Injinia alikuja. Na Injinia alikuja siku gani? Baada ya radi. Baada ya sisi kuchomoa.

Nikaacha vifungo. Akilini nikamwona mwalimu wangu wa jioni ameshika matumbo ya kompyuta, anatuonyesha betri moja bapa, ya duara, kama sarafu. Alisema kompyuta ikikosa umeme kabisa, betri hiyo ndiyo inayokumbuka saa na mipangilio yote ya chini. Ikifa, kompyuta inaamka kama mtoto mchanga, haijui mwaka, na swichi zake zote za ndani zimerudi kama zilivyotoka kiwandani. Na moja kati ya swichi hizo ndiyo inayoiruhusu kompyuta kubeba kompyuta nyingine tumboni. Kiwandani huwa wanaiacha imezimwa.

Imezimwa! Neno langu lile lile.

Kwa hiyo hapakuwa na virusi, wala kufumua wala kufuma. Mtu alifunga mlango, akawasha swichi moja, akakaa dakika kumi na tisa kwenye kiti changu akijipumzisha, akatoka kula firigisi yangu. Mara sita! Karatasi sita nilizihesabu, nikazikunja, nikazitia ndani ya Biblia.

Mwishoni mwa Novemba nilikwenda Mbeya kwenye harusi ya binamu. Kabla hata ya kusalimia ukoo nikapita kwa fundi saa karibu na stendi, nikanunua betri bapa mpya. Nikarudi nayo Nyololo kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo.

Na hapa ndipo niseme ukweli. Ningeweza kumwambia Mama siku ile ile. Kubadilisha ni kazi ya dakika tano na bisibisi moja. Lakini kisasi cha dakika tano bila watazamaji ni kisasi gani? Nilitaka Injinia awepo. Nilitaka meno yote yaliyocheka yawepo. Kwa hiyo nikangoja radi. Wakulima wote wa Mufindi walikuwa wanaomba mvua ya upole, isiyo na mawe, na mimi peke yangu nilikuwa napiga magoti kuomba ngurumo.

Ilikuja katikati ya Desemba, jioni, nzito, kama mtu anaburuta makabati mbinguni. "Chomoeni!" Tukachomoa. Asubuhi mtoto hakuamka. Nembo mia mbili za shule moja zilikuwa bado, na sweta zilitakiwa kabla shule hazijafungua. Mama akapiga simu. Injinia akasema yuko na kazi, atakuja baada ya siku mbili.

Siku mbili hizo sizipendi. Mama hakula vizuri. Nilimsikia kwenye simu uani akisema, "Mwalimu wangu, naomba univumilie, usiwape watu wengine, mwalimu wangu." Alisema "mwalimu wangu" mara nyingi kuliko inavyofaa mtu wa umri wake. Betri ilikuwa mfukoni mwangu. Nikashona vifungo.

Siku ya tatu Injinia akashuka na begi lake. "Kamwene!" akasalimia kwa sauti kubwa, akina dada wakaitikia kwa furaha, na nyuma ya nyumba kuku akapiga kelele yake ya mwisho.

"Haya, wote nje," Injinia akasema. "Mashine haitaki pumzi."

Wakatoka. Mimi nikabaki kwenye kigoda.

"Msomi wa jioni, hujasikia?"

"Nimesikia, kaka. Leo nitavuta pumzi kidogo kidogo."

Nikanyanyuka, nikafungua Biblia, nikapanga karatasi sita juu ya meza kama mtu anayecheza karata. "Naomba unisomee tarehe. Mimi macho yamechoka."

Akaziangalia. Akaniangalia. "Karatasi za nini hizi? Mama! Mama, njoo umtoe mtu wako!"

Mama akaja mbio na manyoya ya kuku mikononi, akina dada nyuma yake. Nikamweleza polepole, kwa Kiswahili cha kawaida: betri imekufa, tukichomoa mashine inasahau, swichi inajizima, Injinia anakuja kuiwasha. Nikatoa betri mfukoni, nikaiweka kwenye kiganja changu wote waione.

"Hii ndiyo dawa ya virusi vyangu," nikasema.

"Anatunga!" Injinia akafoka. "Mama, huyu akigusa mimi naondoka, na sirudi."

Mama alitutazama sisi wawili, manyoya yakidondoka moja moja. "Mwache aguse," akasema. "Akiharibu, atashona vifungo mpaka Yesu arudi."

Nikachomoa, nikafungua ubavu wa kompyuta, nikatoa betri ya zamani, nikatia mpya. Nikarudisha waya, nikakaa kwenye kiti changu cha zamani, nikawasha, na kabla haijaamka vizuri nikabonyeza kitufe kimoja cha pembeni mwa kibodi mara kama mia tatu. Ukurasa wa bluu ukatokea, ule wa mipangilio ya chini. Nikaanza kushuka mstari kwa mstari, taratibu, kwa sababu kwa kweli sikuwa na uhakika swichi iko ukurasa gani. Nilikuwa napita tu.

"Usiingie hapo!" Injinia akasema ghafla. "Huo mstari wa tatu usiuguse, utaua mashine yote!"

Nikageuka na kiti, polepole. Nilikuwa nimekingoja kiti hicho mwaka mzima na kinazunguka vizuri.

"Kaka, sijagusa chochote. Umejuaje nakwenda mstari wa tatu?"

Dada mmoja akasema, "Eeh!" Mwingine akajibu, "Eeeh!" ndefu zaidi.

Nikaingia mstari wa tatu. Swichi ilikuwa pale, imezimwa. Nikaiwasha, nikarekebisha tarehe, nikahifadhi. Mjamzito akaamka. Nikabonyeza dirisha. Mtoto akafungua macho.

"Bahati," Injinia akasema, sauti ikiwa imepungua. "Ngojeni radi ije."

"Kwa nini tuingoje?" Nikainama, nikashika waya, nikauvuta wote.

Mama akapiga ukelele. Nikawaambia akina dada waimbe wimbo mmoja mzima wa kwaya, beti zote, asitoke mtu. Waliimba wakiwa wamenikazia macho, sauti ya pili ikitetemeka kwa kicheko. Injinia alisimama katikati yao bila kujua mikono aiweke wapi. Walipomaliza nikarudisha waya. Kompyuta ikaamka na tarehe ya siku ile ile. Mtoto akaamka bila kulia.

Nikaigusa taa ndogo ya kijani. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maneno haya mbele ya ng'ombe wa jirani. "Kaka, inawaka au haiwaki?"

Akalishika begi lake.

"Kilichozimwa leo ni kompyuta, au ni nani?"

Akina dada walianguka juu ya marobota ya nyuzi. Nakwambia walicheka mpaka malori barabarani yakapunguza mwendo. Mimi nilisimama katikati ya kicheko hicho kama mtu anayeota jua. Kilikuwa kitamu kuliko nilivyopanga, na mimi nilikuwa nimekipanga kitamu sana.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa ameichukua betri ya zamani mezani, anaigeuzageuza.

"Hiyo mpya umeinunua wapi?"

"Mbeya, Mama."

"Mbeya ulikwenda harusini."

"Ndiyo."

"Novemba."

Hapo nikaelewa anakoelekea, na hapakuwa na mlango. "Ndiyo, Mama."

"Umekaa nayo mfukoni. Umenisikia nikimlilia mwalimu kwenye simu, nayo iko mfukoni."

"Ningekwambia, ungecheka. Kama siku ile."

"Ningecheka," Mama akasema. "Ndiyo. Na wewe ungeiweka wakati nacheka."

Injinia akaanza kutabasamu kidogo pembeni, akidhani upepo umemgeukia. Mama akamgeukia yeye. "Na wewe usinionyeshe meno. Mara sita umekula kwangu."

Akatuambia tukae. Kuku alikuwa ameshaiva, na kwake chakula kilichoiva hakiwezi kumsubiri mtu akasirike. Tukakaa, Injinia upande mmoja wa meza, mimi upande wa pili, akina dada kwenye mkeka wakiwa wametega masikio kama sungura. Sinia likaja. Juu ya ugali, juu ya mapaja na mabawa, firigisi ilikuwa imekaa peke yake, inang'aa kwa mafuta.

Injinia aliiangalia. Mimi niliiangalia. Nilikuwa nimeifanyia kazi hiyo firigisi. Nilikuwa nimeishonea vifungo. Nikasogeza sahani yangu inchi moja, na nikaona na yeye amesogeza yake.

Mama akanawa mikono, akaketi. Akaichukua firigisi kwa vidole viwili. Akaishika hewani kati yetu sisi wawili muda wa kutosha mtu kusali sala fupi. Kisha akaitia mdomoni mwake mwenyewe.

Dada mmoja akaziba mdomo kwa kanga. Hakuna mtu aliyewahi kuona jambo hilo Nyololo, wala Igowole, wala nadhani nchi nzima. Mama alitafuna bila haraka, akimtazama Injinia, halafu akinitazama mimi, halafu tena Injinia, mpaka ikaisha.

"Tamu," akasema. "Kuleni. Kuna nembo mia mbili."

Injinia alikula kidogo, akapanda gari la kwanza kurudi Iringa, na begi lake. Sijamwona tena, na simtafuti. Mimi nikarudi kwenye kiti changu mchana huo huo, na sweta zote zikatoka kabla shule hazijafungua. Kiti ninacho mpaka leo. Radi ikipiga tunachomoa kama kawaida, asubuhi Mjamzito anaamka na tarehe yake sawasawa, na akina dada wanapiga makofi.

Kuku bado tunachinja siku za kumaliza kazi. Firigisi anakula Mama.